Kingo za Dhahabu

Mtaa mzima ulimwita Mzee Glavu, na jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Mpima ardhi huyu mstaafu alikuwa na glavu nyingi kuliko soksi. Soksi zake zilitoboka vidoleni na hakujali, lakini glavu zake nyeupe za pamba zilifuliwa, zikapigwa pasi na kupangwa kwenye droo ambayo hata mkewe hakuruhusiwa kutia leso yake. Hakuzivaa kwa sababu ya baridi, wala kwa kazi ya bustani. Alizivaa ili ashike vitabu vya watoto.

Ndiyo, vya watoto. Usicheke. Alizikusanya zile hadithi za zamani ambazo kila mtu alisomewa udogoni, ila hakutaka nakala za kawaida zinazochanika kabla muhula haujaisha. Yeye alitaka nakala adimu, zenye jalada la ngozi, mgongo ulioshonwa kwa mkono, maandishi ya dhahabu na utepe wa hariri wa kuwekea alama. Alikuwa amezifuata kiguu na njia, akabadilishana, akabembeleza warithi, na sasa zilijaza kabati la vioo lililomeza ukuta mzima wa sebule, hata televisheni ikahamia jikoni. Ufunguo wa kabati aliuvaa shingoni.

Katikati ya kabati, peke yake kwenye rafu yake, alikaa Sultani wa Vyura. Jalada la ngozi ya buluu, na juu yake chura wa dhahabu mwenye kilemba. Nakala kama hiyo hakuna aliyejua nyingine iko wapi. Wajukuu walipokuja kusalimia waliruhusiwa kumtazama chura kupitia kioo, mikono nyuma.

Na kulikuwa na sheria. Kitabu hakifunguliwi zaidi ya nusu, mgongo usije ukachoka. Ukurasa hugeuzwa kwa kushikwa kona ya juu, taratibu, mmoja mmoja. Na kubwa kuliko zote, kurasa hazipitishwi chini ya dole gumba, zile za haraka haraka, prrr. Kwa Mzee Glavu, mtu wa kufanya hivyo alikuwa sawa na mtu wa kufungua soda kwa meno.

Mkewe alikuwa mkunga. Nusu ya watu wa mji ule walikuwa wamepita mikononi mwake wakilia, na bado walipokutana naye barabarani walimwamkia kwa adabu. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na kicheko cha karibu.

"Mimi glavu navaa kazini kwa sababu ya damu," alikuwa akiwaambia wageni. "Mwenzangu anavaa nyumbani kwa sababu ya vumbi. Sasa semeni wenyewe, nani ana kazi chafu?"

Utani wake Mzee Glavu aliuzoea. Ila swali moja lilimchoma, na mama huyo aliliuliza kila alipopita na ufagio mbele ya kabati: "Katika yote haya, baba watoto, changu mimi ni kipi?"

Siku za mkunga kustaafu zilipokaribia, Mzee Glavu alipata jibu. Juu ya kabati la nguo kulikuwa na sanduku ambalo mkewe alikuja nalo siku ya ndoa, na ndani yake, chini ya nguo za zamani, alijua kuna kitabu. Mkewe alipokuwa kazini alipanda juu ya stuli, akalishusha sanduku, akakitoa.

Masikini, kitabu chenyewe kilitia huruma. Safari ya Kobe Mvivu, chapa ya bei nafuu ya shuleni. Jalada halikuwepo, mgongo ulikuwa umeachia, na kilichozuia kurasa zisitawanyike ni kamba ya kiatu. Alivaa glavu, akakifungua nusu kama sheria inavyotaka. Hadithi ilikuwa nzima. Shida ilikuwa kingo. Zilikuwa nyeusi kwa uchafu wa vidole, na chini kabisa, kwenye pembe ya kila ukurasa wa kulia, kulikuwa na michoro ya penseli. Vijiti vijiti, huku kimoja kimeinama, kule kingine kimevaa kitu kama kofia.

"Watoto!" alisonya Mzee Glavu, mkusanyaji mkuu wa vitabu vya watoto.

Kwa wakusanyaji kitabu kile hakikuwa na thamani yoyote. Lakini angekipa. Angekivika ngozi nyekundu ya mbuzi, akakitia kingo za dhahabu, na kumweka Kobe kando ya Sultani wa Vyura mwenyewe. Siku hiyo mkewe akipita na ufagio, swali lingeishia mdomoni.

Akakipeleka kwa Gundi.

Gundi alikuwa fundi wa majalada, bwana mmoja mwembamba ambaye kazi yake ilikuwa imempa jina na harufu. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja, na nusu yake ilichukuliwa na mashine ya kukatia karatasi yenye mpini mrefu kama mkono wa mtu mzima. Alikipokea kitabu, akakigeuza geuza, akanusa karatasi.

"Ngozi ipo, mzee. Dhahabu ipo. Na hizi penseli za pembeni?"

"Kata."

"Zimeingia ndani kidogo. Nikikata mpaka ziishe, pambizo itabaki nyembamba."

"Gundi, wewe kata. Dhahabu huwezi kuipaka juu ya uchafu. Kata mpaka karatasi iwe safi."

Gundi akainua mabega. Akalegeza uzi, akazilinganisha kurasa, akazibana kwenye mashine na kuning'inia kwenye mpini. Kulitoka kishindo kimoja kizito, na vijikanda vya karatasi, vya upana wa kidole, virefu kama tambi, vikaporomoka ndani ya gunia lililokuwa chini. Mzee Glavu alizitazama kingo mpya, nyeupe, zilizonyooka kama mpaka wa shamba alioupima mwenyewe. Alijisikia vizuri sana.

Siku ya kustaafu kwake mkunga alirudi nyumbani mchana, na maua mkono mmoja na saa ya ukutani mkono mwingine, maana kila mstaafu hupewa saa siku ile ambayo haihitaji tena. Mzee Glavu alikuwa amepika chai kwa mikono yake, na kwa sababu hiyo ilikuwa chai mbaya. Mezani kulikuwa na kifurushi.

"Mama watoto, fungua."

Alifungua. Akaiona ngozi nyekundu, akaliona jina lililochapwa kwa dhahabu, akakaa chini bila kuangalia kama kiti kipo. Kwa bahati kilikuwepo.

"Kobe wangu," alisema. "Jamani, Kobe wangu!" Akakikumbatia kitabu kifuani, akamvuta mumewe sikio kwa mapenzi, akacheka na machozi yakamlengalenga. Mzee Glavu alivimba kichwa. Alianza kueleza habari za ngozi ya mbuzi, inavyolowekwa na kupunguzwa unene, lakini mkewe hakuwa akisikiliza. Alikuwa amekilaza kitabu kwenye kiganja cha kushoto, akaweka dole gumba la kulia kwenye pembe ya chini, akaziachia kurasa zote kwa mkupuo. Prrr.

Mzee Glavu alikaribia kupiga yowe. Akajikaza, kwa sababu ilikuwa siku ya mkewe.

Mkewe akarudia. Prrr. Akarudia tena, polepole, akiinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza moyo wa mtoto tumboni. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mtu wangu."

"Mtu gani, mama watoto? Humo kuna kobe."

"Mtu wangu wa pembeni. Wa penseli." Akainua macho. "Umemkata?"

Mkewe alimweleza kwa sentensi fupi fupi, yeye ambaye hakujua sentensi fupi maisha yake yote. Alikuwa mdogo, hajajua kusoma, na kaka yake ndiye aliyemsomea Kobe kila siku mpaka akachoka kabisa. Basi kaka akachukua penseli, akamchorea hadithi ambayo angeweza kuisoma peke yake. Kwenye kila pembe alichora mtu mmoja mdogo, kila ukurasa amesogea kidogo. Ukizipitisha kurasa kwa dole gumba, mtu anakimbia, kofia inamvuka, anatumbukia kisimani, anapanda na kutoka. Muda mfupi baadaye homa ikamchukua kaka. Hakuwa amefikisha umri wa kunyoa ndevu.

"Picha yake hatukuwa nayo," alisema mkunga. "Nani alikuwa na kamera? Nilikuwa na yule tu."

"Mbona hukuniambia? Miaka yote hii?"

"Nilikwambia. Tulikuwa tumeoana juzi juzi, wewe umepanda ngazi unapima rafu. Nikakuita, nikasema njoo uone. Ukasema naja." Akakiweka kitabu mezani, taratibu, kama kinauma. "Nadhani bado uko njiani."

Akainuka, akaenda jikoni, akaanza kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Mzee Glavu alibaki ameduwaa mbele ya kingo zake za dhahabu. Angetukanwa angefurahi. Mkewe alikuwa amemtania kwa kila kitu tangu ujana wao, hata alipovunjika mguu alimtania kabla ya kumfunga, na sasa kutoka jikoni ilikuja sauti ya maji peke yake. Aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Michoro ile aliiona kwa macho yake, yote, ukurasa kwa ukurasa, na kwa sababu alizigeuza kurasa kistaarabu, mmoja mmoja kwa kona ya juu, yule mtu hakusogea hata hatua.

Asubuhi yake, duka la kwanza mtaani halijafunguliwa, alikuwa mlangoni kwa Gundi.

"Gunia lako la mabaki liko wapi?"

"Nimempa Mama Vyombo hapo jirani. Huwa anayatumia kufungia glasi zisigongane."

Mama Vyombo alikuwa akifagia baraza la duka lake. Alisikiliza, akamtazama mzee mwenye glavu nyeupe anayetaka takataka, akaona bora amkubalie kuliko kumuudhi. Kazi ikaanza. Kila boksi lilishushwa, kila glasi ikatolewa, kila kijikanda kikanyoshwa na kutazamwa. Vilikuwepo vya daftari, vya Biblia na Misahafu, vya kalenda za mwaka uliopita. Mzee Glavu, aliyewahi kusafiri safari ndefu kwa ajili ya utepe mmoja wa hariri, alipiga magoti kwenye sakafu ya duka la vyombo akiokota tambi za karatasi kwa kibano na kuzitia kwenye bahasha. Wateja walimruka. Kijikanda kimoja alikipata ndani ya birika, kingine kimenasa kwenye kisigino cha Mama Vyombo mwenyewe. Kufikia mchana bahasha ilikuwa imevimba.

Aliporudi nyumbani aliimwaga mezani mbele ya mkewe, akasimama kama mwanafunzi.

"Nimewaleta," alisema. "Ila wamechanganyika. Mimi sijui nani anamfuata nani."

Mkunga alikitazama kilima kile cha vijikanda, akavuta kiti.

"Mimi najua," alisema. "Vua hizo glavu, zitakupotezea muda."

Wakafanya kazi. Mwanzoni hakuna aliyesema kitu zaidi ya nipe hicho, hapana, kile. Mkunga alikichukua kila kijikanda, akakisogeza karibu na miwani, akajua pale pale. Hapa ndipo anapoanza, mguu wa kulia mbele. Hapa upepo. Hapa kofia imeshaondoka. Ilikuwa ajabu kumtazama. Vidole vyake vilijua, vilikuwa vimeisoma hadithi ile tangu kabla havijajua herufi. Na Mzee Glavu, aliyepewa kazi ya kushikilia foleni isiharibike, kwa mara ya kwanza alimtazama yule mtu usoni.

"Mbona ana masikio makubwa hivi?"

"Ndiyo yake. Alijichora mwenyewe. Tulikuwa tunamtania kwamba akigeuka, upepo unabadilika."

Mzee Glavu alicheka kabla hajajizuia. Akaogopa, akamwangalia mkewe. Mkewe naye alikuwa akicheka, kidogo, kwa pua. Haikuwa msamaha, lakini ilikuwa kitu.

Mtu wa penseli alikimbia meza nzima, kutoka kwenye birika la chai mpaka kwenye saa ya kustaafu. Akatumbukia kisimani, akapanda, akatoka ametota, akaokota kofia, akajipangusa. Halafu meza ikabaki na nafasi, na vijikanda vikawa vimekwisha.

"Mwisho haupo," alisema mkunga.

"Si ametoka kisimani? Yuko salama."

"Hapana. Akishajipangusa anaondoka. Anakwenda, anakwenda, kisha pale mwisho kabisa anasimama, anageuka, ananipungia mkono." Akapanga upya kijikanda kilichokuwa kimenyooka tayari. "Alichora huo mwisho akiwa kitandani. Ndipo aliponiaga. Kwa mdomo hakuwahi."

Mzee Glavu alichukua kofia yake.

Mama Vyombo alifikiri sana huku akijikuna kwa mpini wa ufagio. Ndiyo, kulikuwa na boksi moja lililotoka kabla, la birika na vikombe vyake. Alilinunua yule daktari wa meno mstaafu, yule mwenye vitabu kama vya mzee.

Laiti angekuwa mtu mwingine yeyote! Daktari wa Meno ndiye mkusanyaji pekee mjini aliyempa Mzee Glavu kichefuchefu cha wivu, na kichefuchefu hicho kilikuwa cha pande zote mbili. Walisalimiana kwa kukumbatiana na kuchunguliana rafu. Daktari alikuwa amemtamani Sultani wa Vyura tangu siku chura huyo alipoingia mjini, na kila Sikukuu alimtumia salamu. Chura, si mwenye chura.

Na hapa ndipo Mzee Glavu alipofanya kosa la mkusanyaji. Kwa mazoea tu, kabla ya kubisha hodi, alivaa glavu.

Daktari alifungua mlango. Aliangalia glavu, akaangalia kibano, akaangalia bahasha. Macho yakamwaka.

"Karibu, karibu sana, mzee mwenzangu," alisema kwa ile sauti ya hii haitauma.

"Sikai. Lile boksi la birika, Daktari. Karatasi zilizokuwa ndani umezitupa?"

"Karatasi?"

"Takataka tu. Vijikanda."

"Aa, takataka," alisema Daktari. Akaingia stoo bila haraka, akatoka na boksi, akalikumbatia badala ya kulitoa. Akachomoa kijikanda kimoja, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Karatasi ya zamani. Penseli, mkono mwepesi. Mchoraji nani?"

"Shemeji yangu. Alikuwa mtoto."

"Mtoto. Ehee."

"Ni marehemu."

"Wachoraji wazuri wote ni marehemu."

Mzee Glavu akaona hakuna njia ila kusema kweli. Akaeleza yote, kitabu, kisima, homa, mkewe anayeosha vikombe safi. Alieleza vizuri, sauti ikamkatika mahali pake. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa jicho, akapiga makofi.

"Hongera, mzee mwenzangu! Hadithi ya marehemu nimeitumia mwenyewe kupata nusu ya kabati langu, lakini sijawahi kuisimulia hivyo. Umenitoa machozi. Sasa sema ukweli. Mzee Glavu havai glavu kwa ajili ya takataka."

"Wallahi ni kweli."

"Basi kama ni takataka ziache." Akafunga boksi. "Na kama si takataka, unajua ninachotaka."

Mzee Glavu alijua. Alisimama pale barazani, na tuseme ukweli, alisita. Ni muda mfupi, lakini alisita. Alimfikiria chura na kilemba chake. Kisha akakumbuka kwamba amewahi kusema naja.

"Naja," alisema, na safari hii alikwenda na akarudi.

Mkewe hakuwa sebuleni alipoufungua mlango wa kioo. Alimtoa Sultani wa Vyura, akampangusa mara ya mwisho. Ikamjia kwamba hakuwahi kujua mambo ya sultani yule yaliishaje, kwa sababu mgongo wake ulikuwa mgumu, na kurasa za mwisho usingeweza kuzisoma bila kukifungua kitabu zaidi ya nusu. Alikuwa amemlinda mpaka kwenye mwisho wa hadithi yake mwenyewe. Akamfunga kwenye gazeti, akatoka.

Mabadilishano yalifanyika mlangoni kwa Daktari. Daktari alilia kweli mara ya pili, na safari hii hakuna aliyemsimulia chochote.

Jioni hiyo mkunga alipita na ufagio, akasimama mbele ya rafu tupu.

"Chura yuko wapi?"

"Kaenda kwa daktari wa meno."

"Kwani chura ana meno?"

Mzee Glavu akamwonyesha mezani. Foleni ilikuwa imefika mwisho, ukingoni kabisa. Mkunga aliviangalia vile vijikanda vya mwisho, halafu akaiangalia tena ile rafu, na safari hii hakupata neno la utani hata alipolitafuta. Aliweka ufagio chini, akamshika mumewe mkono, mkono mtupu usio na glavu, na wakasimama hivyo mpaka chai ikapoa. Haikuwa hasara, alikuwa ameipika Mzee Glavu.

Kesho yake walikwenda kwa Gundi pamoja, wamebeba trei ya vijikanda baina yao kama wanabeba mgonjwa. Gundi alielewa haraka. Angevishona vijikanda vyote mgongoni, viwe kitabu kimoja chembamba cha upana wa kidole. Akavibana, akavitazama kwa jicho moja.

"Vimepishana pishana kidogo, mzee. Nivipunguze vilingane?"

"Usithubutu!" Mzee Glavu alipiga ukelele ambao Mama Vyombo aliusikia dukani kwake, akadhani kuna glasi imevunjika.

"Na ngozi je?"

"Hatutaki ngozi," alisema mkunga. "Wala dhahabu. Tia uzi na gundi basi."

Gundi alishona palepale wakimsubiri, akapaka gundi, akapuliza, akamkabidhi mwenyewe. Kitabu kilikuwa kibaya ajabu. Kingo zilikuwa nyeusi, zimepandana, zina alama za vidole vya mtoto aliyekufa na vya mtoto aliyekua akawa mkunga. Mama huyo alikilaza kwenye kiganja, dole gumba likaenda lenyewe mahali pake. Hakuziachia kurasa. Aligeuka.

"Baba watoto," alisema. "Njoo uone."

Mzee Glavu alikuja. Alisimama nyuma ya bega lake, akishika pumzi, na kurasa zikaanza kushuka.

Mtu mdogo mwenye masikio makubwa alianza kukimbia. Alikimbia kwelikweli! Miguu ilimchanganya, kofia ikaruka, akaifukuza, akatumbukia. Ukurasa ukawa kisima kitupu, kisha mkono, kisha kichwa, kisha yule, ametota, akaokota kofia na kujipangusa kwa hasira. Mzee Glavu alicheka kwa sauti. Mtu akaanza kwenda zake, akapungua na kupungua kuelekea pembeni. Pale mwisho akasimama. Akageuka. Akainua mkono, akapunga.

Na mkunga, bila kuondoa macho kwenye karatasi, akainua kidole kimoja cha mkono wa kushoto, akampungia pia. Alifanya hivyo kwa wepesi, bila kujionyesha, kama mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote na hakuna aliyewahi kumwona.

Miwani ya Mzee Glavu ilikuwa na ukungu ambao hakuna kitambaa cha kufutia vitabu kingeuondoa. Alivuta kiti cha Gundi, akakaa karibu na mkewe, magoti yamebanana, kama mjukuu.

"Tena," alisema.